Kifunika macho cha kufundishia ndoto za kujitambua: tathmini kutoka Mtwara

Kifunika macho ninachokitathmini hapa huuzwa mtandaoni na kampuni ndogo ya nje yenye wakala Dar es Salaam, na mnunuzi wa Mtwara hukipokea kwa basi kama mizigo mingine. Kinaahidi kumwezesha mtu atambue, akiwa katikati ya ndoto, kwamba anaota, na baada ya mazoezi aweze hata kuielekeza ndoto hiyo. Nimekitumia nyumbani Shangani wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na ninaamini kwa dhati kwamba ujuzi huu unafaa kujifunza. Hata hivyo, kilichonifundisha zaidi ni kijitabu cha maelekezo kilichomo ndani ya boksi, ambacho wanunuzi wengi hawakisomi.

Jambo lenyewe lina msingi wa kisayansi. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, mtafiti Keith Hearne alirekodi mizunguko ya macho ya Alan Worsley, ambaye alikuwa amelala usingizi wa ndoto huku akiyapeleka macho yake kushoto na kulia kama walivyopatana kabla hajalala. Walichagua macho kwa sababu katika usingizi huo misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, lakini ya macho huendelea kufanya kazi. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifikia matokeo kama hayo bila kutegemea kazi ya Hearne, na taasisi aliyoianzisha ikaja kuuza kifaa kilichoitwa NovaDreamer. Kifaa hicho kilihisi macho yanapoanza kuzunguka chini ya kope, kisha kikawasha taa ndogo ili mwanga upenye hadi ndotoni na kumkumbusha mwotaji kwamba amelala.

Hapo ndipo ninapokuwa na neno na muuzaji. Tangazo lake linadai kwamba kifunika macho hiki nacho kinatambua ndoto, ilhali hakina kihisi chochote: kina saa tu, inayowasha taa nyekundu kwa vipindi ulivyovipanga mwenyewe. Usingizi wa ndoto hurudi takriban kila dakika 90, nao huwa mfupi mwanzoni mwa usiku na mrefu kuelekea alfajiri, kwa hiyo mtu akiipanga saa hiyo iwashe taa katika saa za mwisho za usingizi anaweza kuiwahi ndoto kwa bahati. Bahati hiyo niliipata. Niliota nimesimama ufukweni Mikindani, na karabai za wavuvi wa dagaa zikawa zinawaka na kuzimika zote kwa pamoja, jambo ambalo karabai hazilifanyi, na papo hapo nikajua kwamba ninaota. Furaha ilikuwa kubwa kiasi cha kutaka kuniamsha. Kijitabu kinashauri kwamba wakati kama huo mtu asugue viganja vyake ndani ya ndoto na kuutuliza moyo, na kweli nilipovisugua ndoto ilitulia, nikapata nafasi ya kutembea kando ya maji na kuyatazama magofu ya mji wa kale kwa utulivu ambao sikuwahi kuujua ndotoni.

Usiku mwingine mwingi, taa iliniamsha ikiwa kali au haikuniingia kabisa ikiwa hafifu. Sifongo yake pia haikutengenezwa kwa ajili ya joto la pwani. Chini ya chandarua, hasa umeme unapokatika na feni kusimama, hulowa jasho na kuwasha ngozi. Betri, kwa upande wake, hudumu vizuri.

Kijitabu nitakizungumzia kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndicho chenye somo. Kinamtaka mwanafunzi aandike ndoto zake katika daftari mara anapozinduka, kabla hajashika simu wala kusema na mtu. Mchana anatakiwa ajipime mara kwa mara kama yuko macho, kwa kubana pua na kujaribu kuvuta pumzi, au kusoma maandishi mara mbili aone kama yamebadilika, maana mazoea ya mchana huingia ndotoni, na huko pua iliyobanwa mara nyingi huendelea kuvuta hewa. Zoezi kubwa ni la usiku: kuamka baada ya kulala saa kama tano, kukaa kidogo, kuikumbuka ndoto iliyopita, kisha kurudi kulala ukiwa na nia thabiti kwamba ukiota tena utakumbuka kuwa unaota. Njia hiyo ya nia ni ya LaBerge. Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, aliipima katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambapo walioiunganisha na kuamka usiku pamoja na kujipima mchana walifanikiwa katika takriban asilimia 17 ya usiku, na waliopata usingizi tena ndani ya dakika tano baada ya zoezi walikaribia nusu.

Kwa wakazi wa pwani yetu, zoezi hilo si geni kama linavyoonekana. Wapo wengi wanaoamka kuswali tahajudi kisha wakajilaza kidogo kabla ya adhana ya alfajiri, na muda huo mfupi ndio wenye ndoto ndefu. Mimi nimefanikiwa zaidi katika muda huo, bila kuvaa kitu chochote usoni.

Kasoro kubwa ya kijitabu ni kuligusia jinamizi kwa sentensi moja tu. Anayeamka na kulala tena anaweza kuzinduka akili ikiwa macho huku mwili bado umelegea, akahisi kukabwa kifuani au kuona mtu chumbani. Mtu ambaye hakuelezwa mapema atadhani amerogwa au amevamiwa na jini. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya sekunde au dakika chache, na husaidia kupumua taratibu na kujaribu kutikisa kidole. Ilipaswa pia kuandikwa wazi kwamba mwenye maradhi ya akili yanayomfanya achanganye njozi na hali halisi asianze bila kumwona daktari, na kwamba dereva wa bodaboda au mvuvi anayekesha baharini asiukatize usingizi wake mchache kwa ajili ya mazoezi haya.

Nililipa shilingi 145,000 pamoja na nauli ya mzigo. Wakala ni mwungwana, hujibu simu, na mkanda ulipofumuka alinitumia mwingine bila malipo. Anayetaka kununua amuulize kwanza, kwa maandishi, kama kifaa kina kihisi cha macho au saa tu. Nimemwomba wakala akiuze kijitabu peke yake, chenye maelezo kamili kuhusu jinamizi. Akikubali, nitawashauri wasomaji wa huku kusini waanze na hicho pamoja na daftari la kawaida la dukani.