Fundi alijaza maji akaondoka, boila ikazima usiku uleule

Kama kampuni inatoza watu kila mwezi ili boila, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, ikiharibika ilete fundi, basi ilete fundi anayesikiliza. Hapa Leicester, Uingereza, nimewalipa hawa kwa muda mrefu bila kuchelewesha hata mwezi mmoja. Baridi iliyopita nilipowahitaji, wakaniletea mtu wa kuja kunidharau nyumbani kwangu.

Tatizo nililieleza vizuri kwenye simu, na dada aliyepokea alikuwa mwungwana, sina neno naye. Boila ikipoa, mshale wa presha unaanguka hadi sifuri. Nikiongeza maji, naurudisha kwenye bar 1 na nusu. Boila ikiwaka, unapanda mpaka karibu na 3, na kile kibomba cha shaba kilichotokeza ukutani nje kinachuruzika maji. Asubuhi, sifuri tena.

Fundi hakutoka nje kukiangalia hicho kibomba. Nilimwomba, nikamwomba tena. Akajaza maji, akasema iko sawa. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa sebuleni kajifunika blanketi. Yule bwana akamtazama, akasema watu wa nchi za joto ndivyo tulivyo, baridi kidogo tu tunapiga kelele. Mbele ya mama! Na mama Kiingereza hakijui. Akamwambia, "Asante mwanangu," akataka mgeni apewe chai. Hilo linaniuma hadi leo kuliko boila yenyewe.

Usiku uleule ikazima. Nikapiga tena, naambiwa huenda nahitaji boila mpya. Boila mpya!

Nikatafuta fundi mwingine kwa pesa yangu. Huyu alitoa kadi yake ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi huku, kabla sijaiomba, akaigeuza nisome nyuma kazi anazoruhusiwa kufanya. Akaenda nje, akakishika kibomba, akajua. Kumbe ndani ya boila kuna tangi dogo lenye upepo, linaloyapa maji nafasi yakitanuka kwa moto. Upepo ukiisha, presha inapanda mpaka valvu ya usalama inafunguka kwenye 3 na kumwaga maji nje. Akalijaza upepo kwa pampu, akabadilisha na valvu, maana ikishafunguka mara nyingi huwa haifungi tena sawasawa. Boila ni ileile, na inafanya kazi.

Ndugu zangu mlio huku, kuongeza maji na kutoa hewa kwenye redieta mtu anaweza mwenyewe. Bomba la plastiki la nje, lile linalotoa maji yatokanayo na mvuke wa boila, likiganda, limwagie maji ya moto kiasi, si ya kuchemka. Lakini presha ikishuka kila mara, acha kujaza, ita fundi, na kifuniko cha boila usikiguse. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje ndipo upige 0800 111 999. King'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyonuka, kikilia, toka vilevile, upige namba hiyohiyo.

Nilikaa hapa nikikusudia kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya dada wa simu na kwa kuwa walifika siku hiyohiyo. Nimeandika hadi hapa, naona moja inatosha, nayo ni ya dada. Pesa niliyomlipa fundi wa pili nimeidai kwa barua. Wakiirudisha, na wakamwomba mama radhi, nitaongeza.