Hela ya korosho imeingia na unataka akaunti ya fyucha: ipi ununue ukiwa huku Mtwara na Lindi

Malipo ya minada ya korosho yakishaanza kutoka, simu yangu haitulii. Vijana wa Masasi, Newala, mpaka Nachingwea na Ruangwa huko wanauliza kitu kimoja, kaka nina laki tatu hapa, ninunue chalenji ya kampuni gani nitredi fyucha kwa hela yao? (Fyucha ni mikataba ya kununua au kuuza kitu tarehe ya mbele kwa bei ya leo, na chalenji ni mtihani unaoulipia, ukifaulu kampuni inakupa akaunti ya kutredi.) Nimejibu kwa voisi mpaka sauti imekauka, sa hivi naandika mara moja kila mtu asome.

Kwanza tuelewane unanunua nini, manake hapa ndo wengi wanapigwa. Hununui dola 50,000. Akaunti ikiandikwa 50,000 na hasara ya mwisho ni 2,000, basi wewe una dola 2,000 tu, zile 48,000 ni namba kwenye skrini na ukizigusa akaunti imekufa. Tena mwanzo yote ni majaribio, hela ya mazoezi, unalipa ada kila mwezi mpaka ufikishe lengo la faida, kwa akaunti ya saizi hiyo mara nyingi ni 3,000. Kwa hiyo punguzo la asilimia 80 na ukubwa wa akaunti weka pembeni, uliza mstari wa hasara, yaani lile salio ambalo ukilifikia unatolewa, unatembeaje.

Chukua mfano huu na ufanye hesabu mwenyewe kwenye karatasi. Umenunua mikataba 5 ya MNQ, ile Nasdaq ndogo, fyucha ya kipimo cha hisa za Nasdaq ya Marekani, pointi moja dola 2 kwa kila mkataba. Bei imepanda pointi 100, unaona faida ya 1,000 lakini hujafunga. Bei ikarudi mpaka ulipoingilia, ukafunga sifuri. Kwenye kampuni ambayo mstari unasogea mwisho wa siku, bado una 2,000 zako zote. Kwenye kampuni ambayo mstari unaifuata faida papo hapo hata kama hujaifunga, mstari ushapanda toka 48,000 mpaka 49,000 na haurudi chini, yaani hujapata hata senti na nusu ya pumzi yako imeondoka. Tredi ile ile, siku ile ile.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza Topstep. Wako Chicago tangu 2012, mji ule ule lilipo soko la fyucha la CME. Mstari unasogea mwisho wa siku na ukifika 50,000 unasimama hapo, ila ukiugusa katikati ya siku unatoka papo hapo, msichanganye. Njia yao ya kawaida kwa akaunti ya 50,000 imekuwa dola 49 kwa mwezi, halafu ukifaulu unalipa 149 ya kuwashia akaunti, wengi wanaisahau hiyo ya pili na ni laki tatu na nusu na kitu. Pia siku yako nzuri kuliko zote isifike nusu ya lengo, kwa hiyo kupiga 3,000 zote siku moja na kulala hakukuvushi. Mi hilo nalipenda kwa kweli, linamzuia mtu kucheza kamari. Na lazima uwe umefunga kila kitu saa 9 na dakika 10 alasiri ya Chicago, kwetu ni saa 5 na dakika 10 usiku, wao wakirudisha saa nyuma inakuwa saa 6 na dakika 10.

Ya pili My Funded Futures, ya 2023, changa. Mipango yake mingi inahesabu mwisho wa siku na haina ada ya kuwashia, kwa mfuko wa laki tatu hii inakaa vizuri. Ina mipango kadhaa lakini, soma ule unaoulipia wewe, siyo wa rafiki yako.

Ya tatu Take Profit Trader ya Florida. Inasifiwa kwa kutoa hela mapema na ni kweli, ila kuna shimo: kwenye majaribio mstari ni wa mwisho wa siku, ukishafaulu ukaingia PRO, ile akaunti ya kulipwa, unageuka kuwa wa papo hapo. Umejifunza kuogelea Mikindani kwenye maji yaliyotulia halafu unatupwa nje kwenye mkondo.

Ya nne Apex ya Texas. Punguzo kila kukicha, unaweza kuwa na akaunti mpaka 20, lakini imejijengea jina kwa mstari wa papo hapo. Kama unaingia na kutoka ndani ya dakika mbili utaishi, kama ni mtu wa kuacha tredi ikimbie hapana.

Na anayekuambia kwenye Telegramu umpe hela na nywila akufaulishie, hiyo ni kangomba, anachukua chako kabla hakijaiva. Kampuni ikigundua mtu mwingine anatredi hulipwi.

Halafu mambo ya huku kwetu. Soko la hisa la New York linafunguliwa saa 10 na nusu jioni yetu, miezi ya baridi yao saa 11 na nusu. Januari moja niko Shangani, saa 11 na dakika 40, mikataba 5 ya MNQ iko wazi, umeme ukakata, ruta kimya. Laptopu ina chaji, nikawasha hotspoti, ikachukua kama dakika nne kushika na stop losi yangu, ile bei ya kufungia tredi hasara isizidi, ilikuwa kichwani tu. Niliporudi pointi 62 zimeondoka, dola 620, na akaunti ile sikuikoa. Tangu siku hiyo sibonyezi kununua kabla stop losi haijawekwa kwenye oda yenyewe, ikae kwenye seva yao. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata bando la laini mbili lisingekusaidia siku hiyo, ingesaidia stop tu.

VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, nayo izime kabla hujafungua programu, kampuni nyingi haziitaki na inaweza kukuzuilia malipo. Kabla ya kulipa fungua orodha yao ya nchi uone Tanzania inaruhusiwa leo, kisha uliza hela inatokaje, na jina la kadi, la kitambulisho na la akaunti ya benki yawe lile lile herufi kwa herufi, kama NIDA imeandika Saidi basi kote iwe Saidi, siyo Said. Ukishanunua weka alamu siku tatu kabla mwezi haujaisha, manake ile ada inajikata yenyewe kwenye kadi hata kama akaunti ulishaichoma wiki ya kwanza.