Simu Nzima, Betri Imevimba
Simu hii, ambayo chapa yake sitaitaja, niliinunua Kariakoo ikiwa na dhamana ya miezi 12, na kwa mwaka mzima sikuwa na la kulalamikia. Mwezi wa 14 betri ilivimba. Niligundua pale kioo kilipoanza kuachana na fremu hata ukucha ukapita katikati, na simu ikawa inazima ghafla ikiwa bado na chaji ya asilimia 40. Kituo cha huduma kilitazama risiti kabla ya kuitazama simu, kisha nikajibiwa kwamba muda umekwisha na betri halisi ya toleo hilo haiagizwi tena. Fundi wa mtaani aliupasha moto mfuniko wa nyuma, akaibandua gundi taratibu na kuweka betri isiyo na jina, ambayo haifiki jioni. Ikumbukwe kwamba simu ya Fairphone 2 ya Uholanzi, iliyotoka mwaka 2015, betri yake hutolewa kwa mkono, na ilipata masasisho ya programu hadi 2023. Kwa uimara naipa simu yangu nyota nne. Kwa huduma baada ya dhamana, nusu nyota, nayo ni ya mlinzi wa getini aliyenielekeza kwa fundi.