Microsoft Clarity kwenye tovuti ya dalali wa nyumba na viwanja: uzoefu wangu

Naipima Microsoft Clarity kwa kazi moja tu: kuonyesha kwa nini mtu anaingia kwenye tovuti ya dalali, anaangalia kidogo, kisha anaondoka bila kupiga simu wala kutuma ujumbe wa WhatsApp. Nimeitumia kwenye tovuti za Dar es Salaam zinazopangisha nyumba Sinza, Tegeta na Mbezi Beach, na zinazouza viwanja Kigamboni na Bunju. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Clarity ni msimbo mfupi unaokaa kwenye tovuti na kurekodi mwenendo wa mgeni: aligusa wapi, alishuka hadi wapi, alirudi nyuma wakati gani. Unaweza kucheza ziara yake kama video, au ukaona mibonyezo ya watu wote ikiwa imekusanywa juu ya picha ya ukurasa. Ni bure, na haikuwekei kikomo cha idadi ya wageni. Rekodi za kawaida zinakaa siku 30. Ukiiwekea rekodi alama ya kipendwa, inahifadhiwa hadi miezi 13.

Kuifunga hakuhitaji fundi. Unafungua mradi kwa akaunti ya Microsoft au Google, unaandika anwani ya tovuti, kisha unachagua njia moja: plagini (programu ya nyongeza) yake rasmi ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti; Google Tag Manager, chombo cha Google cha kuweka misimbo kwenye tovuti; au kubandika msimbo mwenyewe ndani ya head, sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa. Kama tovuti inatumia plagini ya kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zifunguke haraka), futa kashe mara tu baada ya kufunga, la sivyo wageni wataendelea kupewa kurasa za zamani zisizo na msimbo, na wewe utakaa ukiangalia dashibodi tupu. Baada ya hapo subiri saa moja mbili ndipo data ianze kuonekana.

Kuna mpangilio mmoja ambao dalali asipougusa, nusu ya faida inapotea. Clarity inakuja na ufichaji wa kiwango cha kati, yaani tarakimu na anwani za barua pepe zinageuzwa kuwa alama kabla hazijatoka kwenye simu ya mgeni. Kwa tovuti nyingi hilo halina shida. Kwenye tovuti ya dalali, bei ni tarakimu, mita za mraba ni tarakimu, idadi ya vyumba ni tarakimu, umbali kutoka barabara ya lami ni tarakimu. Unacheza rekodi unaona mtu amesimama mahali kwa muda mrefu, na alichokuwa anakisoma ni vidoti tu. Dawa yake ni kumwambia anayetunza kiolezo cha tovuti (msimbo unaopanga mwonekano wa kurasa) aongeze data-clarity-unmask="true" kwenye kisanduku cha bei na cha sifa za nyumba. Usilegeze ufichaji kwa tovuti nzima, maana utajikuta umefichua na vitu ambavyo havikuhusu. Kinachoandikwa na mgeni kwenye fomu kinabaki kimefichwa kwa vyovyote vile, na ndivyo inavyotakiwa. Fanya hivi siku ya kwanza, kwa sababu rekodi zilizopita hazifunguki: tarakimu zile hazikuwahi kutumwa.

Ukishaweka hilo sawa, usianze kutazama rekodi ovyo. Chuja kwanza: kurasa za nyumba pekee, simu pekee, zenye mibonyezo mfu. Mbonyezo mfu ni pale mtu anapogusa kitu na ukurasa usimjibu chochote. Kwenye tovuti za madalali, hapo ndipo penye dhahabu.

Rekodi ya kawaida ya aina hiyo inakwenda hivi. Simu ya Android, mgeni katokea Instagram, ukurasa wa nyumba ya vyumba vitatu Tegeta. Kidole kinagusa picha ya sebule. Kimya. Kinagusa tena, mara mbili upesi upesi. Anajaribu kuitanua kwa vidole viwili, ukurasa mzima unatanuka, kitufe cha WhatsApp kinasukumwa nje ya kioo. Anaurudisha. Anashuka kwa kasi akiyaruka maelezo yote, anatua kwenye bei, anakuta maneno "Piga simu kwa bei". Anapanda juu, anashuka tena, ameondoka.

Huyo Google Analytics 4, chombo cha Google cha takwimu za tovuti, inamhesabu kuwa amejishughulisha na tovuti, kwa sababu kigezo chake ni ziara iliyozidi sekunde 10, au yenye kurasa mbili na kuendelea, au yenye tukio muhimu, yaani kitendo ambacho mwenye tovuti amekichagua kihesabiwe. Ndiyo maana sipendi dalali anapojisifu kwa dakika ambazo wageni wanakaa. Anayetafuta nyumba ya kupanga huwa na maswali yake mkononi: bei gani, iko wapi hasa, malipo ni ya miezi mingapi, maji na umeme vipi, bado ipo? Asipoyaona majibu, muda unaongezeka kwa sababu anahangaika. Kinachomshikilia mtu ni jibu moja linalomfanya atake kujua la pili.

Nikianza na picha, maana ndiko kwenye makosa mengi. Kila picha lazima itanuke ikiguswa, na ukishatanua uweze kupangusa kwenda inayofuata bila kufunga kwanza. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa MB 3 hadi 5. Weka ishirini za namna hiyo na umemlazimisha mteja achome bando lake kuangalia nyumba moja. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,600 na uzibadili kuwa WebP (aina ya faili la picha lenye uzito mdogo), kila moja itashuka chini ya KB 250 bila ubora kuharibika machoni. Picha ya kwanza ipakiwe papo hapo, nyingine zisubiri hadi mtu azifikie. Plagini nyingi zinazisubirisha zote, na ya kwanza ikiwemo, ukurasa unachelewa kuonekana. Google inataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5. Andika pia upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, vinginevyo maandishi yanaruka picha zinapoingia na mtu anagusa kitu ambacho hakukikusudia. Clarity inaionyesha hiyo wazi kabisa: kidole kimelenga bei, ukurasa umefunguka mwingine, na amerudi nyuma haraka.

Na mpangilio wa picha una maana. Mbele ya nyumba, sebule, jiko, chumba masta, choo, kisha barabara inayofika getini. Hiyo ya barabara madalali wengi hawaiweki, na mpangaji mwenye gari anaitafuta.

Bei iandikwe, kwa shilingi, pamoja na masharti yake kwenye mstari uleule: "650,000 kwa mwezi, malipo ya miezi 6, ada ya dalali mwezi mmoja, kuonyeshwa ni bure" au ni kiasi fulani kama mnatoza. Najua hoja ya wanaoficha bei, kwamba mteja akipiga utamshawishi. Rekodi hazikubaliani nao: watu wanafika kwenye maneno yale na kugeuza. Kiwanja nacho kina mstari wake: mita za mraba, kina hati au kiko kwenye hatua gani ya upimaji, umbali kutoka lami, umeme na maji vimefika au havijafika.

Chujio la kutafutia ni shida nyingine. Kile kitelezi cha bei chenye vidoti viwili hakifai kidole gumba, na kwenye rekodi utaona watu wakikivuta kushoto na kulia hadi wakate tamaa. Badala yake weka vitufe: hadi laki 3, laki 3 hadi 5, laki 5 hadi milioni, zaidi ya milioni. Maeneo yawe kwa majina ambayo watu wanayataja. Anayetaka Kibada hataki kuletewa Kigamboni nzima. Na utafutaji usipopata kitu, usimwachie mtu ukurasa mweupe. Mwonyeshe za maeneo ya jirani kwa bei hiyohiyo.

Nyumba ikishapangishwa, usifute ukurasa wake. Kiungo kile bado kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye Instagram, na atakayekuja atakutana na ujumbe wa kosa. Weka maandishi makubwa IMEPANGISHWA juu ya picha, toa kitufe cha mawasiliano cha nyumba hiyo, na chini yake panga nyumba tatu zinazofanana nayo kwa eneo na bei. Ni marekebisho madogo yanayowafanya watu wengi waendelee kutazama.

Sasa kasoro za Clarity yenyewe. Ramani ya Google iliyopachikwa ndani ya ukurasa ni ya tovuti nyingine, kwa hiyo yanayotokea ndani yake huyaoni. Unaona kidole kimeingia na kimetoka. Hali ni hiyo kwa fomu za kupachikwa. Kwa kuwa ramani ni kitu ambacho wanunuzi wa viwanja wanakikalia sana, hilo ni pengo la kweli, na ndiyo nyota niliyoiondoa.

Kujiondoa mwenyewe kwenye takwimu nako kunasumbua. Kuna sehemu ya kuzuia anwani ya IP, lakini inafaa ofisi yenye intaneti isiyobadilisha anwani. Wafanyakazi wanaotumia data za simu anwani zao zinabadilikabadilika. Njia inayofanya kazi ni kutopakia msimbo kabisa kwa yeyote aliyeingia kwenye WordPress kama mhariri au msimamizi.

Halafu kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, kwa hiyo sera ya faragha ya tovuti iseme wazi kwamba mwenendo wa mgeni unarekodiwa, na kwa chombo gani. Madalali wanaouza viwanja kwa Watanzania walioko Uingereza na nchi za Ulaya waweke pia ombi la ridhaa, kwani kwa wageni wa huko Clarity inalitaka. Bila ridhaa haiweki vidakuzi (faili ndogo zinazomtambulisha mgeni kwenye kivinjari), na kila ukurasa anaoufungua mtu unahesabika kama ziara nyingine, hivyo safari yake inakatikakatika.

Kikomo kikubwa zaidi ni kwamba Clarity inaishia pale mtu anapogusa kitufe cha WhatsApp. Hapo panahitaji mambo mawili. Kwanza, kwenye Google Analytics 4 tengeneza tukio kutokana na mibonyezo inayokwenda wa.me na uliweke kuwa tukio muhimu. Pili, kila nyumba iwe na namba yake ya kumbukumbu, nayo iingie kwenye ujumbe ulioandaliwa tayari ndani ya kiungo: wa.me/255, tarakimu tisa za simu bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha, kisha ?text= na maneno kama "Habari, naulizia nyumba TG-014 Tegeta", nafasi kati ya maneno zikiandikwa %20. Kusahau kuiondoa sifuri hiyo baada ya 255 ndiyo kosa la mara kwa mara, na kitufe kinaonekana kizima ila ujumbe haumfikii mtu, kwa hiyo kijaribu kwa simu ambayo haina namba ya ofisi. Kila Ijumaa, hesabu kwenye simu ya ofisi ujumbe ulioingia kwa kila namba ya nyumba, linganisha na mibonyezo iliyorekodiwa. Nyumba yenye mibonyezo mingi na ujumbe mchache, fungua rekodi zake kwanza kabla ya nyingine yoyote.