Banda la mpira la Temeke, mahali pa kuwaona kina Masaka wakiwa kazini

Mabanda ya kuonyesha mpira, yale ambayo wengi tumezoea kuyaita vibanda umiza, yapo karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, lakini mengi huishi kwa Simba, Yanga na ligi ya wanaume ya Uingereza. Banda ninalolitathmini hapa lipo Temeke, halina bango wala jina rasmi, na kwa nje halitofautiani na mengine: kuta za mabati, turubai jeusi la kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao na televisheni mbili kubwa. Tofauti yake ipo kwenye ubao wa ratiba mlangoni, ambao nusu yake imetengwa kwa ajili ya wachezaji wa kike wa Tanzania walioko nje ya nchi, pamoja na majirani zetu wa Malawi na Zambia. Jina la mchezaji huandikwa kwanza, kisha klabu yake, kisha saa ya mechi kwa saa za huku kwetu.

Umuhimu wa huduma hii hauonekani mpaka mtu ajiulize ni lini mara ya mwisho alimwona mchezaji wetu wa kike wa nje akicheza dakika tisini. Aisha Masaka alipokuwa Yanga Princess, baada ya kupitia Alliance Girls ya Mwanza, mtu aliyetaka kumwona alikwenda uwanjani tu. Mwaka 2022 alisajiliwa na BK Häcken ya Gothenburg nchini Sweden, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Kwa kipimo chochote hiyo ni kupanda ngazi, lakini kwa mashabiki wa nyumbani ilikuwa kama kutoweka, kwa sababu kilichobaki kwetu ni picha ya utambulisho akiwa ameshika jezi na uvumi wa usajili. Hali ni hiyo hiyo kwa Opa Clement, nahodha aliyeifikisha Simba Queens nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2022 nchini Morocco, kisha akaenda Beşiktaş ya Uturuki. Banda hili linarudisha kile kilichopotea: unamwona mchezaji akikimbia, akipoteza mpira, akirudi kukaba.

Kazi ngumu ya mwenye banda ni saa, na hapa anastahili sifa kwa sababu ratiba yake haijawahi kunipotosha. Mtanzania mwenzao Clara Luvanga ndiye rahisi kumfuata, kwa kuwa saa za Riyadh na Dar es Salaam ni sawa, na Al-Nassr yake, iliyotwaa ubingwa wa Saudi Arabia tena na tena, hucheza jioni ambapo watu wametoka kazini. Mechi za Uingereza za mchana huangukia alasiri au jioni ya huku, yaani zinagongana na ligi yetu wenyewe. Zile za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza karibu saa tatu kasoro usiku, na nyingine saa 5 kamili, wakati ambao mwanamke anayetegemea daladala hawezi kuzitazama hadi mwisho. Temwa Chawinga wa Malawi, aliyefunga mabao 20 kwa Kansas City Current katika msimu wa 2024 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Marekani, huingia uwanjani wakati Temeke ni saa 9 usiku. Mechi zake banda huzirudia siku inayofuata, na mwenye banda, kwa busara, hukataza watu kutaja matokeo mlangoni.

Kasoro kubwa ya huduma hii haihusu umeme wala mabenchi. Kikosi kikitangazwa na mchezaji wetu akawa benchi, banda hubadilisha mechi. Watu huguna, rimoti hubonyezwa, na dakika mbili baadaye tunatazama marudio ya mechi ya wanaume ambayo kila mtu anayajua matokeo yake. Naelewa hesabu ya biashara, lakini nadhani uamuzi huu unapingana na sababu yenyewe ya kuwapo kwa ubao ule. Kijana anayetoka ligi yetu na kuingia Ulaya mara nyingi huanzia benchi, hucheza dakika kumi, kisha ishirini, huumia, hupona, hupambana upya na wenzake watatu wa nafasi moja; hiyo ndiyo kazi yenyewe, na anayetaka kuitazama lazima aitazame hadi mwisho. Häcken walipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2023/24, wakakutana na Paris Saint-Germain iliyokuwa na Tabitha Chawinga, dada yake Temwa, swali la nani ataingia dakika za mwisho lilikuwa sehemu ya utamu. Asisat Oshoala wa Nigeria alitokea benchi katika fainali ya mwaka 2019 mjini Budapest na kufunga bao pekee la Barcelona katika kipigo cha 4-1 kutoka kwa Lyon. Kama televisheni ingebadilishwa kwa sababu hakuanza, bao hilo tungelisoma tu kesho yake. Nimemshauri mwenye banda aache angalau televisheni moja kwenye mechi iliyotangazwa ubaoni. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia nije na watu ishirini.

Hoja yake ina uzito, kwani banda hili limeonyesha kwamba watu wakiwepo, heshima hufuata. Mwezi Julai 2025, Twiga Stars waliporejea kwenye fainali za Mataifa ya Afrika nchini Morocco baada ya kuzikosa tangu mwaka 2010, televisheni zote mbili zilikuwa zao, na bao la Opa katika sare ya 1-1 dhidi ya Afrika Kusini, mabingwa watetezi, lilipokewa kwa kelele ambazo kwa kawaida huhifadhiwa kwa watani wa jadi. Wengi walioshangilia siku ile sijawaona tena kwenye mechi za klabu.

Kuhusu mengineyo nitasema kwa ufupi. Kiingilio cha mechi za wanawake ni shilingi 500, nusu ya kile cha mechi kubwa za wanaume. Picha ni safi mechi inapotoka kwenye king'amuzi, lakini ikitoka kwenye simu kwa bando la intaneti hugandaganda, na si ajabu kusikia jirani wakishangilia bao ambalo kwenu bado ni mpira wa kona. Jenereta lipo na huwashwa bila kuombwa. Choo ni kimoja, cha wote, na kama mwenye banda anataka wateja wa kike waongezeke, aanzie hapo kabla ya kununua televisheni ya tatu.

Kwa anayetaka kwenda, siku nzuri ni za mechi za Luvanga, ambazo huonyeshwa mwanzo hadi mwisho bila mabishano. Anayemfuata Masaka au mwingine aliye Ulaya apige simu kwanza baada ya vikosi kutangazwa, au aende na wenzake wa kutosha kuitetea rimoti.