Tahadhari: Kipimo cha kushika chuma na kapsuli za mgongo zilizonilaza hospitalini

Ndugu zangu, zimepita wiki mbili ndipo nimepata nguvu ya kuandika haya, na ukweli ni kwamba kilichonizuia si ugonjwa bali aibu. Ningeendelea kunyamaza kama jana jioni mwalimu mwenzangu asingenionyesha kikaratasi alichopewa stendi ya mabasi ya Msamvu, chenye picha ileile ya uti wa mgongo mwekundu na maneno yaleyale: “Pima mwili mzima kwa dakika moja, shilingi 10,000 tu.” Kumbe yule mtu wa mashine aliyeniuzia kapsuli za mgongo hajafunga biashara, amehamisha turubai tu.

Hali yangu tangu nianze kuumwa mgongo mnaifahamu na sitairudia. Asiyejua ajue tu kwamba misuli ya kiuno upande wa kushoto hunikaza ghafla, kama kamba inayosokotwa kwa kijiti, na zipo siku nikiinama kuokota chaki siinuki mpaka wanafunzi waje kunishika. Kufikia mwezi Februari nilikuwa nimetumia kwa miezi sita dawa ya kumeza usiku niliyoandikiwa hospitalini pamoja na mazoezi ya fiziotherapia, na nilikuwa nimepata nafuu ya kama nusu. Mtu anayeumwa kila siku nafuu ya nusu haihesabu. Sisemi haya kwa kujitetea. Au tuseme ninajitetea, maana wapo wanaouliza mwalimu wa Fizikia kama mimi aliingiaje kwenye turubai lile.

Niliingia hivi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, natoka sokoni hapa Morogoro na kikapu chenye viazi na fungu la mchicha, na madaftari ya Kidato cha Tatu kwapani, kiuno kikanibana nikashika nguzo ya duka. Kijana mmoja alitoka kwenye turubai la buluu lililokuwa hatua kumi hivi kutoka pale, akiwa na kiti cha plastiki mkononi na mto mdogo. Hakutaja bei wala dawa. Alisema, “Shikamoo, mwalimu. Kaa kwanza, usiongee,” akaniwekea mto ule mahali hasa panapouma, akachukua kikapu changu akakiweka kivulini. Naomba mnielewe katika jambo hili moja: katika miaka yote hii, hakuna mtu asiyenijua aliyewahi kuona maumivu yangu kabla sijayaeleza. Hospitalini nimeshaulizwa mara ngapi kama nina uhakika kwamba si mawazo. Yule kijana aliona, na mimi kwa sababu hiyo peke yake nilikuwa nimekwisha kumwamini nusu.

Ndani ya turubai kulikuwa na binti mwenye daftari kubwa. Alinipima uzito na urefu, akaandika umri na jinsia, kisha akauliza kwa sauti ya upole, “Mama, unasumbuliwa na nini zaidi?” Nikamweleza kila kitu: kiuno, upande wa kushoto, misuli ya paja inavyonikaza saa nane za usiku, ganzi ya vidole vya mguu, hata kwamba dawa ya hospitali hunikausha mdomo. Akaandika yote, akapeleka daftari nyuma ya pazia, akarudi na kuniomba nisubiri kidogo kwa sababu daktari alikuwa na mgonjwa. Mgonjwa huyo sikumwona akitoka.

Nyuma ya pazia alikaa mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, kompyuta mpakato mbele yake, na kijisanduku cheusi chenye waya unaoishia kwenye kijiti cha chuma chenye unene wa kidole gumba. Aliniambia nikishike kwa mkono wa kushoto, nifumbate barabara, nisiongee na nisivuke miguu, kwa sababu mashine ilikuwa inasoma mawimbi ya seli. Kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho. Kwenye skrini picha za moyo, ini, figo na mifupa zilipita zikimulika kijani na nyekundu, na zilipofika kwenye uti wa mgongo zikasimama, zikawa nyekundu tupu. Alishusha pumzi kama mtu aliyepewa habari ya msiba. “Mwalimu,” akasema, “tatizo lako lipo kiunoni, kushoto. Na usiku misuli ya paja inakukaza. Nakosea?”

Nililia. Ndiyo, nililia mbele yake, mimi ninayesimama kila mwaka ubaoni kufundisha ukinzani wa umeme, ninayejua fika kwamba chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho hakiwezi kueleza chochote zaidi ya jasho lenyewe. Binti alikuwa amemwandikia kila neno dakika kumi kabla, na haikunipitia akilini hata mara moja. Printa ikatoa kurasa 38 zenye rangi, zikabanwa vizuri, jina langu juu. Hospitali haijawahi kunipa hata ukurasa mmoja ulioandikwa jina langu kwa rangi.

Nililipa 10,000 ya kipimo, 180,000 ya chupa tatu za kapsuli alizoziita dozi kamili ya kurudisha misuli, na 35,000 ya majani ya chai ya kusafisha figo. Fedha hizo zilikuwa za mchezo wetu wa upatu, na waliokuwa wanasubiri zamu yao nimeshawaomba radhi mmoja mmoja. Masharti yalikuwa mawili: nimeze kapsuli mbili asubuhi na mbili jioni, na niache mara moja dawa za hospitali kwa sababu kemikali zinapigana na mimea.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma zaidi. Zilifanya kazi. Siku ya pili jioni nilifua mashuka kwa mkono, siku ya nne nilipanda ngazi za shule bila kushika ukuta, na wiki ya pili nilicheza ngoma kwenye harusi ya binti wa dada yangu, mliokuwepo mliniona. Mngekuwa ninyi mngeshuku nini? Nilikuwa nampigia simu yule wa koti jeupe kumshukuru. Nilimpelekea wateja wanne kwa mdomo wangu mwenyewe, wawili kati yao ni wazazi wa wanafunzi wangu.

Mwezi wa pili wa kumeza kapsuli mashavu yalianza kujaa. Watu wakanisifu kwamba nimenawiri, na mimi nikafurahi, kwa kuwa tangu nianze kuumwa hakuna aliyewahi kuniambia nimependeza. Nikawa na kiu isiyokatika, naamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na nikijigonga kidogo tu ngozi inavilia damu. Nilipomwuliza alicheka kwa upole uleule, akasema mwili unatoa sumu zilizokusanyika miaka mingi, na kwamba nikikatisha sasa sumu zitarudi kwenye misuli. Nikanunua dozi ya pili, 180,000 nyingine, na nikapimwa upya bure. Mifupa yangu kwenye skrini ilikuwa imekuwa kijani.

Hapo katikati kuna jambo ambalo hadi leo sijui nicheke au nilie. Mzee jirani yangu, mmoja wa wale wanne niliowapeleka, alirudi na kurasa zake akiwa amefadhaika kwa sababu ziliandika kwamba mfuko wake wa uzazi una uvimbe mdogo. Binti alikuwa amebofya jinsia ya kike. Tulicheka wote barazani, tukasema makosa ya kibinadamu, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kama mashine kweli inasoma mwili, iliuonaje mfuko huo wa uzazi ndani ya babu wa watu.

Dozi ya pili ilipokwisha katikati ya Mei nilikwenda sokoni nikakuta pale penye turubai pana muuza viatu vya mitumba. Simu haikupatikana. Siku ya tatu bila kapsuli nilikuwa natapika, siku ya nne nilianguka mbele ya darasa nikiwa nimeshika chaki. Wenzangu walinipeleka hospitalini presha ikiwa 80 kwa 50 na sukari imeshuka, na maumivu ya kiuno yamerudi yote kwa mpigo kama mtu aliyekuja kudai deni na riba yake.

Daktari aliniangalia uso, akaniomba picha yangu ya mwaka jana, akaziweka pamoja, halafu akauliza, “Umekuwa unameza nini?” Zilikuwa zimebaki kapsuli sita nilizozifungia kwenye mkoba kwa ajili ya safari nikazisahau. Alifungua moja akaimimina juu ya karatasi: unga wa kahawia unaonuka majani, na ndani yake punje nyeupe laini zilizosagwa, ambazo mtu yeyote mwenye macho angeziona kama angeifungua. Mimi sikuwahi kuifungua hata moja katika kapsuli karibu 360. Alipima homoni ya kotisoli kwenye damu akaikuta chini sana. Akanieleza kwamba uso kujaa, kiu, ngozi kuvilia damu na kuanguka baada ya kukatisha, vyote vikikaa pamoja hivyo, vinaelekeza kwenye dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni. Dawa hizo huzima uvimbe na maumivu upesi sana, lakini ukizimeza kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake zenyewe, na ukiziacha ghafla mwili unabaki hauna kitu. Alisema si jambo geni, akanionyesha kwenye simu yake tahadhari ya mwaka 2022 ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, juu ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama vya asili na vilipopimwa vikakutwa na deksamethasoni na diklofenaki zisizoandikwa popote kwenye chupa. Kapsuli zangu tano zilizobaki zimechukuliwa kwenda maabara.

Dalili za kumtambua, kwa wale wanaouliza: chupa haina namba ya usajili, haina namba ya toleo, wala mahali ilipotengenezwa, ina picha ya jani tu na neno “asilia”. Dawa ya asili hapa nchini husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na dawa za kisasa ni kazi ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; yeye nilipomwuliza cheti alinionyesha fremu ukutani iliyokuwa mbali nami na juu sana. Risiti hatoi. Anakataza dawa za hospitali. Mengine siyakumbuki kwa mpangilio, na kusema kweli kila nikijaribu kuyapanga hasira inanipanda.

Maana huyu mtu hakuniibia 405,000 tu. Kijana wake aliniona naumia akanipa kiti, na kiti kile ndicho kilichoniua. Mwizi wa kuku mtaani kwetu hupigwa mpaka polisi waje, lakini mtu anayewalisha wazee sumu kwa koti jeupe anahama mtaa na kuendelea. Namtaka akamatwe, namtaka asimame mahakamani na koti lake lilelile, na mashine yake ichunguzwe mbele ya watu, ashikishwe kile kijiti mwenyewe aandikishwe kuwa mwanamke tuone mfuko wake wa uzazi unasemaje. Yule binti wa daftari naye asiachwe, kwa kuwa sauti yake ya upole ndiyo mtego wenyewe. Na aliyempangishia eneo pale sokoni atueleze alimwomba karatasi gani kabla ya kupokea kodi.

Jambo hili nililitaka liwe juu kabisa na nimelifikia mwisho: kama wewe au mzazi wako anameza kapsuli hizi sasa hivi, tafadhali usimwachishe leo kwa hasira kwa sababu yangu. Mpeleke hospitalini na chupa yenyewe mkononi, umweleze daktari ni wiki ngapi, ili ashushwe polepole. Mimi hivi sasa namezeshwa prednisoloni ambayo kipimo chake kinapunguzwa kidogo kidogo, nimerudishiwa dawa yangu ya usiku, na kila asubuhi nafanya yale mazoezi ya kuvuta magoti kifuani niliyoyadharau. Maumivu yapo. Wale wanne niliowapeleka nimewafuata nyumbani. Watatu wamekwenda hospitali, mmoja amenifungia mlango na kusema namwonea wivu kwa kuwa yeye amepona.

Aliyempiga picha jana au juzi pale Msamvu, awe yeye, turubai au ile gari ndogo nyeupe inayobeba viti vyake, anitumie leo. Keshokutwa saa tatu asubuhi nakwenda polisi na kurasa zangu 38, na yule mzee jirani amekubali kuja na zake.