Bakuli la kukereza la kusagia haradali kwa tufe la chuma, uzoefu wangu

Kwa mnaoishi Sweden hasa huku kusini Skåne mtakuwa mshaiona hii kitu, bakuli zito la mbao na tufe la chuma ndani, zamani walitumia risasi ya mzinga kabisa. Unamwaga mbegu za haradali, unakaa kwenye kiti unalipakata bakuli mapajani unalizungusha taratibu, tufe linabiringika humo ndani linasaga. Ndo haradali ya Krismasi hiyo, wao wanapaka kwenye paja la nguruwe, mi naila na samaki sill na mayai ya kuchemsha, tamu sana.

La mama mkwe lilipasuka so nikaagiza jipya kwa fundi anayekereza mbao kwa mkono, yaani mbao inazunguka kwenye mashine yeye anaichonga. Bei imezidi krona elfu moja lakini jamani hela imeenda mahali pake. Uzuri wote uko kwenye umbo la ndani, chini hakuna kona hata kidogo, limepinda kwa kufuatana na tufe ila limepanuka zaidi kidogo ili tufe litembee, maana bakuli la saladi la dukani lenye kitako bapa mbegu zinakimbilia pembeni tufe linazipita tu na unachoka bure.

Fundi kalikereza mara mbili. Mara ya kwanza mti ukiwa mbichi, ukuta unaachwa mnene kama sehemu moja ya kumi ya upana, yaani bakuli la sm 35 unaacha sm 3 na nusu hivi, af linakauka polepole kwa miezi, linajikunja, ndo linarudi kwenye mashine kuwekwa duara sawasawa. Asiyesubiri hapo atakuuzia bakuli litakalopasuka baridi ikianza na hita za nyumbani zikikausha hewa. Mbao ni björk (mti wa birch), na hapo nampongeza sana, kwa sababu mwaloni ukikutana na chuma na unyevu unapiga weusi. Kapaka mafuta ya kitani tu, hakuna vanishi ya kubanduka ikaingia kwenye chakula.

Kusaga kwenyewe kunataka subira. Mi nachanganya mbegu za njano na za kahawia, za kahawia ndo kali, nasaga kavu kwanza af naongeza maji BARIDI kidogo kidogo, ukali unatokea mbegu iliyopasuka ikipata maji, ukiweka ya moto umeuua. Siki, sukari na chumvi naweka mwisho kwenye chombo kingine, siki na chuma haviivani, tufe litaota kutu. Ukimaliza lioshe ulikaushe hapo hapo, na bakuli usiliache limelowekwa.

Lawama yangu moja ni mdomo wa bakuli, haukurudi ndani vya kutosha, mwanzoni mbegu zikiwa bado nzima zinaruka mpaka sakafuni na watoto ndo wanapenda kuzungusha kwa fujo, inabidi uwasimamie.

Ukiagiza mpelekee fundi tufe lako alishike, akereze huku analijaribu ndani, usimwambie vipimo kwa simu. La shemeji nishaagiza kwa fundi huyo huyo, na mdomo nimemwambia aurudishe ndani zaidi.